Muulize Fundi: Mti ulioinama haungoji umalize kukata

Mwezi huu barua karibu zote zimekuwa za pawa so (msumeno wa injini wenye mnyororo) na miti iliyoinama. Nafikiri ni mvua, udongo umelowa, watu wanaangalia nyuma ya nyumba wanaona mti ambao mwaka jana ulikuwa umesimama wima sasa umeanza kulala. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kushinda zingine zote, kwa sababu huyo kijana ilibaki kidogo sana tusipate barua yake.

Mti ulipasuka ukaruka

*Fundi sema. Niko Rongai, nafanya kazi ya pawa so mwaka wa pili sasa, nilifunzwa na mjamaa tu hapa mtaani. Juzi tulikuwa tunaangusha bluugamu (mkaratusi) moja iko kando ya mto, nene hivi, imeinama kuelekea mtoni, mdosi akasema hio ni rahisi sababu inaenda penye inataka kuenda. Nikatoa mdomo mdogo (lile pengo la mbele, penye mti unaangukia) upande wa mto, nikarudi nyuma nikaanza kukata. Hata nusu sijafika nikaskia kitu imelia kama bunduki, mti ukapasuka kuenda juu, hio nusu ya nyuma ikaruka ikapita mbele ya uso wangu, halafu ikabaki imesimama juu ya kisiki kama mlango imeng'oka. Pawa so ilitupwa huko. Mdosi anasema huo mti ulikuwa na kasoro. Mimi usiku silali poa. Nilikosea wapi?*

Kijana wangu, pole sana, na nashukuru Mungu umeandika kwa mkono wako mwenyewe. Mti haukuwa na kasoro yoyote. Ulifanya tu kile bluugamu iliyoinama hufanya ikikatwa hivyo, na angekuwa mwingine kwa hiyo nafasi, hata huyo mdosi wako, ungemfanyia vile vile.

Fanya hivi kabla hujashika mashine tena. Tafuta kijiti kibichi cha bluugamu, unene wa kidole gumba, ukipinde gotini polepole ukishikilie hapo kabla hakijavunjika. Angalia ule upande wa nje, gome limevutwa hadi linang'aa. Upande wa ndani limekunjana. Sasa ukiwa bado umekipinda mwambie mtu apitishe kisu kwa huo upande uliovutwa, akate kidogo tu. Hakitakatika. Kitapasuka kwa urefu, ufa utapanda kufuata nyuzi na kipande kitaruka. Umeshaona kilichotokea mtoni.

Mti ulioinama mbele unaishi hivyo usiku na mchana, miaka 15, miaka 20, mgongo wake umevutwa kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi mbichi na tumbo lake limebanwa. Na si uzito mdogo. Bluugamu ya unene wa sentimita 50 na urefu wa mita 20 ikiwa mbichi inaweza kufika tani moja na nusu, na yote inaning'inia mbele ya kisiki. Wewe ukaenda nyuma, penye nyuzi zimevutwa, ukaanza kuzikata moja baada ya nyingine, na kila uliyoikata ikaachia wenzake mzigo wake. Ukifika mahali, zilizobaki zinashindwa, mti unaanza kwenda. Lakini umesema nusu ulikuwa hujafika, maanake mbele yako kulikuwa bado na mti mzima mnene, na mti mnene hivyo haupindi, kwa hivyo ukapasuka kufuata nyuzi zake kwenda juu. Bluugamu nyuzi zake zimenyooka, ndio maana wapasua kuni wanaipenda, shoka moja tu imefunguka. Hicho kitu kinachokufurahisha kwa kuni ndicho kinaua kwa mti uliosimama.

Kuna vitu viwili vingine umevisema bila kujua. Mdomo mdogo: mti ukianza kulala ule mdomo unafunga mapema, midomo ikigusana mti unakwama huku uzito bado unavuta, na hapo lazima kitu kipasuke. Cha pili hujakitaja ila nakiuliza, mnyororo ulikuwa mkali? Kwa sababu mnyororo butu unakata polepole na mti ulioinama haungoji umalize. Ukiona unatoa unga badala ya vipande vya mbao, ni butu, simamisha kazi unoe.

Mimi nilikuwa na umri kama wako, tukikata kuni za kiwanda huko Limuru, na mwenzangu akaangusha mti ulioinama vile vile, yeye akiwa amesimama nyuma kabisa ya shina. Nilikuwa mbali kama kutoka hapa hadi geti. Nilisikia ule mlio, nikainua macho, na lile ubao la nyuma lilikuwa limepanda juu kumpita kichwa, likasimama hapo kama linafikiria, kisha likarudi chini. Lilimpiga begani. Yuko hai, ana watoto wakubwa, lakini ule mkono haujawahi kuinuka kupita kifua, na tangu siku hiyo mimi sijasimama nyuma ya mti ulioinama hata mara moja. Nasimama pembeni.

Sasa njia ya kuukata. Tunaita kudunga, na ukiielewa utaona ni kugeuza tu mpangilio: badala ya kuanza na nyuzi zilizovutwa, unaziacha ziwe za mwisho kabisa.

Kabla ya kuwasha, angalia juu. Matawi makavu yaliyoshikana na mengine yanashuka bila kuita jina la mtu, na bluugamu ni mti wa kuangusha matawi. Kisha fyeka njia yako ya kukimbilia, si nyuma moja kwa moja na si pembeni kabisa, ni katikati ya hizo mbili, kwa mshazari, mita 5 au zaidi, usiache mzizi wala mtaro wa kukukwaza. Watu wote waende mbali, urefu wa mti mara mbili. Upepo ukiwa mwingi rudi nyumbani.

Toa mdomo upande unaoangukia, uwe wazi, pembe ya digrii 70 hivi au zaidi, usifunge mapema. Kina chake kisizidi robo ya unene wa shina, kwa sababu mti umelala tayari na ukizidisha utabana ile baa (bamba la chuma ambalo mnyororo unazungukia) ukiwa bado ndani. Hiyo mikato miwili ya mdomo ikutane vizuri, mmoja usimpite mwenzake, maana hapo ndipo bawaba inakaa na ukiipunguza bila kujua mti utajiendea.

Bawaba ni ile mbao unayoiacha bila kukata nyuma ya mdomo, wengine mnaita hinji. Ndiyo inashika mti ushuke polepole na kwa njia moja kama mlango kwa fremu yake. Kiasi chake ni sehemu moja ya kumi ya unene wa shina, kwa hivyo mti wa sentimita 50 unaacha sentimita 5, sawasawa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Sasa simama pembeni mwa shina. Dunga baa iingie kwa ubavu, nyuma ya mahali bawaba itakuwa, acha nafasi kwanza, usianzie kwa mstari wenyewe. Anza na sehemu ya chini ya pua ya baa, mashine ikiwa resi kamili, ikishatengeneza kishimo ndio unainyoosha na kusukuma itokee upande wa pili. Ikishapita, sogea mbele polepole hadi bawaba ibaki zile sentimita zako, halafu geuka ukate kurudi nyuma, lakini usitokee. Acha mkanda wa mbao huko nyuma, kwa mti kama wako inchi 2 au 3. Toa mashine. Kama baa ni fupi kuliko shina unadunga upande mmoja kisha mwingine, mikato ikutane ndani.

Simama hapo uangalie. Mti uko umesimama, katikati umeshakatwa, mbele kuna bawaba, nyuma kuna mkanda unaoushika wote. Hauendi popote mpaka wewe useme. Nikifika hapo mimi huzima mashine, napumua, naangalia tena njia yangu na watu wako wapi. Kisha nawasha, nasimama pembeni nimenyoosha mikono, nakata ule mkanda kutoka nje, chini kidogo ya mkato wa kwanza ndio mti usinyakue baa ukienda. Unaachia mara moja, paa, na kwa sababu bawaba tayari ni nyembamba inapinda vizuri, hakuna kitu kinene cha kupasuka. Hapo usibaki kuangalia. Tembea.

Ila skiza, kudunga kuna hatari yake. Robo ya juu ya pua ya baa ikigusa mbao mashine inapiga teke, inarudi juu na nyuma kwa uso wako haraka kuliko unavyoweza kukonyeza jicho, maana mnyororo ukiwa resi unaenda zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Ndio maana nimesema anza na sehemu ya chini ya pua, kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini, na breki ya mnyororo uijaribu kila asubuhi, usukume mbele uone kama mnyororo unasimama. Usijifunzie kwa mti uliosimama. Tafuta kisiki kirefu, dunga mara 20, mara 30, hadi mkono ujue. Na kama mwenye kazi anakuharakisha mwambie Fundi amesema hapana.

Siku ukikata ule mwingine, ukisikia unatoa kelele ndogo za kukatika ndani ama ukaona mkato wa nyuma unafunguka mapema au ufa unapanda shinani, achilia mashine hapo hapo uende. Mashine inanunuliwa.

Na kuhusu usingizi. Ongea na mtu, mzee wenu wa mtaa ama mchungaji ama hata mama yako, umwambie yote kama ulivyoniambia. Mwenzangu wa Limuru alinyamaza nayo miaka mingi na haikumsaidia.

Jakaranda inalalia jikoni

*Fundi habari ya kazi. Tunaishi Kileleshwa, nyumba ya zamani, kwa kompaundi kuna jakaranda kubwa tuliyoikuta hapo tukihamia. Jirani aliuza ploti na sasa wanajenga fleti, wamechimba msingi hadi karibu na ukuta wetu. Tangu mvua ianze mti umeinama upande wetu, matawi yako juu ya paa la jikoni. Kuna vijana wamesema watapanda wafunge kamba, wavute wakiwa sita uangukie geti, mmoja akate. Wanataka elfu kumi na tano. Nje ya geti kuna nyaya za stima. Nikubali?*

Mama, usikubali, na nitakueleza sababu ndio uweze kuwaambia na wao kwa upole, kwa maana hao pia ni watoto wa watu na hakuna mtu amewakalisha chini akawafunza.

Kwanza uelewe mti wako umeinama vipi. Kuna kuinama kwa zamani na kuinama kwa juzi. Mti ulioinama tangu udogo utaona shina limejikunja, kilele kinarudi kutafuta jua, umekuwa na miaka ya kujiimarisha kwa mizizi. Mti ulioinama juzi umelala mzima mzima, shina limenyooka lakini lote liko upande kama nguzo iliyogongwa na matatu. Nenda chini yake mchana, usikae sana, angalia udongo wa ule upande wa ukuta, yaani kinyume na unakoinamia. Ukiona ardhi imepasuka kwa nusu duara ama imeinuka kama kitu kinasukuma kutoka chini, mizizi inaachia. Na kwa vile msingi umechimbwa huko huko ukutani, mimi naamini wameikata mizizi ya upande ule uliokuwa unaushika usije kwenu. Mvua imemalizia tu.

Kwa hivyo huo mti haukatwi kama mti. Nitakupa hesabu. Wacha tuseme una urefu wa mita 12 na unene wa sentimita 40. Mtu akitaka kuuangusha kinyume na unakoinamia, atapiga kabari kwa mkato wa nyuma kuuinua. Kutoka bawaba hadi kwa kabari ni kama sentimita 32. Mita 12 ni sentimita 1200, gawa kwa 32 unapata 37 na nusu. Maanake kabari ikiinua sentimita 2, kilele kinasogea sentimita 75 peke yake. Kama kilele chako kimepita shina kwa mita 2 kuelekea jikoni, inabidi kuinua zaidi ya sentimita 5 ndio tu ufike wima, na hapo hata haujaanza kuanguka. Kabari za vijana wa mtaani hazifiki hapo. Kupima ni rahisi, funga jiwe kwa uzi, simama mbali, inua uzi mbele ya jicho kama fundi wa mawe na timazi lake, utaona kilele kimepita shina kwa kiasi gani. Pima kutoka pande mbili.

Kamba sasa. Kamba inasaidia, sikatai, lakini inafungwa juu, kama theluthi mbili za urefu wa mti, na inavutwa na winchi ya mkono iliyofungwa kwa kitu kisichosogea, kwa sababu winchi ikivuta haiachii. Vijana sita wanachoka. Mmoja anateleza kwa tope, wengine wanayumba, mti unarudi kwa bawaba iliyokwisha kukatwa na bawaba inakatika, na hapo haurudi wima, unakuja jikoni. Mtu akikwambia watafunga kamba kwa Probox wavute na gari, kataa pia, magurudumu yatateleza vile vile na dereva haoni mti. Halafu hao sita wangesimama wapi? Kati ya mti na geti, pale pale mti unaangukia, labda kamba iwe ndefu kupita urefu wa mti mara mbili ama ipitie puli wakae pembeni. Na hapo nje ya geti kuna stima.

Na wanataka kupanda. Mama, mtu hapandi mti ambao mizizi yake imekatwa. Uzito wake juu pamoja na kuyumba kwake akikata tawi vinaweza kumalizia kile mvua imeanza, naye amejifunga kwenye mti huo huo.

Huo mti unatolewa vipande vipande kutoka juu, fundi akiwa kwa lori lenye kikapu cha kuinua mtu, kama yale ya kurekebisha taa za barabarani, kila tawi likishushwa kwa kamba. Itakugharimu kuliko elfu kumi na tano, najua, na nakuomba uzungumze na mwenye kujenga hapo jirani kwa sababu mizizi ameikata yeye. Piga picha za ule ufa wa udongo leo. Kenya Power waambiwe kabla, wazime laini ama waje wasimamie, fundi wa miti asikate karibu na waya unaopitisha moto. Kibali cha kukata mti kinatoka kwa kaunti, hata kama ni kwa kompaundi yako. Uliza pia kontrakta kama ana bima ya wafanyakazi, sheria ya fidia ya majeruhi kazini ya 2007 inawahesabu hata vibarua, na mtu akiumia kwako bila bima mtasumbuana sana.

Mpaka watakapokuja pikeni chumba kingine. Watoto wasicheze upande huo kabisa, na usiku wenye upepo mtu asilale chini ya hayo matawi.

Nimesikitika kwa huo mti, nisifiche. Jakaranda zikichanua mwezi wa kumi huko Kileleshwa barabara inakuwa zambarau mpaka unapunguza mwendo. Lakini huo hausimamishwi tena.

Mukima wa mpakani

*Fundi, niko Kinoo. Nina mukima (grevilia) iko kwa boda ya shamba, imeinamia mabati ya jirani kiasi. Nataka ianguke kwa mahindi yangu, sio mbele kwenye inainamia, bali pembeni. Nimesikia ukiacha bawaba nene upande mmoja inavuta. Ni kweli?*

Ni kweli ila usiitegemee sana. Bawaba ya mti unaoinama pembeni inaachwa nene upande ule wa juu uliovutwa, yaani kinyume na mabati, na nyembamba upande wa mabati, na mdomo unaulenga kupita kidogo kule unakotaka, kinyume na mabati, kwa sababu ukishuka utavutwa kurudi. Kabari inakaa upande wa kuinama. Kuinama kukiwa kidogo hiyo inatosha. Lakini mukima matawi yake huvunjika hata na upepo wa kawaida na mimi bawaba yake siiamini hata kidogo nikiwa na mabati ya mtu chini.

Una bahati moja, huo ni mti ambao watu wa Kiambu wanapunguza matawi kila mwaka kwa kuni na hauna shida. Anza na hayo. Toa matawi yote ya upande wa jirani kwanza, uone vile shina litapoteza uzito wa upande huo, kisha funga kamba juu ivutwe na winchi kuelekea mahindi. Na mwambie jirani siku na saa, atoe ng'ombe na watoto, usimwambie baada.

Mti umeshalala chini

*Fundi hujambo, sisi ni wa Kahawa West. Upepo uliangusha saipresi nyuma ya ploti na mizizi yote, imeacha shimo kubwa watoto wanacheza hapo. Tunataka kukata kuni. Huu si hatari tena, ama?*

Ndugu, toa watoto kwa hilo shimo kabla hujamaliza kusoma hii barua, tafadhali.

Lile bonge la mizizi na udongo limesimama kwa sababu shina linalivuta kwa uzito wake. Ukikata shina karibu na mizizi, bonge linarudi kwa shimo lake, wakati mwingine kwa nguvu ya ghafla kabisa, na anayekuwa ndani hatoki. Kwa hivyo shimo liwe tupu na lizungushiwe kamba, mtu mmoja asimame hapo kuangalia. Wewe mwenyewe usisimame kati ya mizizi na shimo, na ukate ukiacha kipande kirefu cha shina kwa mizizi, mita moja na zaidi, kisaidie kulizuia.

Kukata kwenyewe angalia mti umelaliaje. Ukiwa umeshikwa ncha zote mbili na katikati iko hewani, juu kumebanwa na chini kumevutwa: kata juu kwanza hadi theluthi hivi, kisha malizia kutoka chini kwenda juu. Ncha ikining'inia bila kitu chini yake ni kinyume, anza chini halafu malizia kutoka juu. Ukikosea, baa inabanwa hapo hapo na mkivutana nayo mtaumizana. Matawi yaliyopinda chini ya shina ni ya mwisho, usiyaguse mapema, yamejaa nguvu kama mtego wa panya. Simama upande wa juu wa mteremko, saipresi ni mviringo, inabingirika.

Hataki kofia

*Fundi mimi ni mke wa fundi wa pawa so, Kawangware. Anakata miti tangu kabla hatujaoana. Hana kofia hana chochote, anavaa sandak. Nikimwambia anasema joto, na pesa hakuna. Nimwambie nini anisikie?*

Mama watoto, pole kwa kulala ukisubiri simu. Hii barua msomee, ama mwachie mezani akiwa anakula.

Ndugu yangu, hizo nguo zina kazi. Ile suruali ya pawa so ndani imejazwa nyuzi ndefu zilizokaa ovyo ovyo. Mnyororo ukigusa mguu unazivuta, zinakimbia nao hadi kwa gurudumu linalouendesha, zinajisokota hapo kama nywele kwa feni na mashine inakwama. Unabaki na suruali iliyoharibika na mguu wako. Ukipata ya mtumba Gikomba ikague vizuri, ipapase yote, ikiwa imewahi kukatwa na nyuzi zimetoka haifanyi kazi tena hata kama ni rahisi. Sandak ni plastiki, mnyororo hauzisikii. Buti ngumu zenye chuma mbele kwanza, hizo hata kwa mjengo utazitumia.

Masikio ni kitu unapoteza bila maumivu. Pawa so inapita desibeli 100, na madhara yanaanza kwa 85 mtu akikaa nayo siku nzima. Mkeo akikuita kutoka jikoni siku hizi unamsikia mara ya kwanza? Kofia yenye wavu wa uso na viziba masikio pamoja inauzwa kama kitu kimoja, ulizia maduka ya mashine Kirinyaga Road, na kama huwezi kununua vyote mwezi mmoja nunua buti na kofia, kisha suruali mwezi unaofuata, ukiongeza mia mia kwa bei ya kila mti mpaka ifike. Joto ni kweli. Anza kazi saa kumi na mbili na nusu, pumzika saa sita, beba maji.

Na wewe mama, kila asubuhi muulize anaenda kukata wapi, jina la mtaa na la mwenye shamba, andika. Asiende peke yake. Mwenzake akae mbali urefu wa miti miwili lakini mahali anaweza kumwona, na simu ikae mfukoni mwa suruali ya mumeo mwenyewe, isiachwe kwa begi kwa boda.